Mpira wa mkojo wa nje: msaada kwa mgonjwa anayelowesha kitanda



Katika wodi ya wanaume kuna ombi moja ambalo hunijia karibu kila juma. Mtoto wa mgonjwa, mara nyingi mwenye macho mekundu kwa kukosa usingizi, hunivuta pembeni na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, tunaomba baba aruhusiwe akiwa amewekewa mpira wa mkojo. Nyumbani hatuwezi." Ukimwuliza kwa nini hawawezi, huinamisha kichwa. Baba alipata kiharusi, upande mmoja hauna nguvu, na mkojo unamtoka kabla hajasema neno. Usiku mashuka yanabadilishwa mara tatu, mara nne. Godoro limeoza. Ngozi ya makalio imeanza kuchubuka. Na lipo jambo la mwisho ambalo ndilo zito kuliko yote: mchana anayebaki nyumbani na mzee ni mke wa huyo kijana, naye kwa mzee ni mkwe.

Msomaji anayezijua mila zetu haelezwi zaidi. Mzee mmoja niliyemtembelea kijijini aliniambia, "Afadhali nilale kwenye maji kuliko mkwe wangu anifunue." Na kweli alikuwa akilala kwenye maji, tangu asubuhi hadi mwanawe aliporudi jioni kutoka shambani. Alikuja kwetu na kidonda cha mgongoni ambacho ngumi ya mtoto ingeingia.

Kwa hiyo ombi la huyo kijana si la uvivu. Lakini mpira anaouomba, ule unaoingizwa ndani ya mwili, mara nyingi sio unaomfaa baba yake. Upo mwingine unaovaliwa kwa nje, ambao familia nyingi hazijawahi kuusikia. Mwezi huu nataka tuuzungumzie huo, kwa wanaume na kwa wanawake, pamoja na hatari zake, kwa maana nao una hatari.

MPIRA WA NDANI NA GHARAMA YAKE

Mpira wa ndani ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kwenye kibofu. Ukishafika, kiputo kidogo kilichopo kwenye ncha yake hujazwa maji ili usichomoke. Mpira wa namna hii wengi huuita Foley, kwa jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyeutengeneza katika miaka ya 1930. Umeokoa maisha ya watu wengi, nami sitaki mtu asome ukurasa huu kisha aukatae pale anapouhitaji. Asiyeweza kutoa mkojo kabisa anauhitaji. Aliyetoka kupasuliwa anaweza kuuhitaji. Mwenye kidonda kikubwa karibu na makalio, ambacho mkojo unakiharibu kila siku, naye anaweza kuuhitaji kwa muda. Hali kadhalika mgonjwa aliye katika siku zake za mwisho, ambaye kila akigeuzwa analia kwa maumivu.

Shida ni kwamba mpira huo ni kama daraja. Vijidudu vilivyoko nje, juu ya ngozi na kwenye choo kikubwa, huupanda taratibu hadi kibofuni. Katika kila wagonjwa 100 wenye mpira wa ndani, kati ya watatu na saba hupata vijidudu kwenye mkojo kwa kila siku inayopita. Hesabu siku mwenyewe. Ukifika mwezi mmoja, karibu wote wanavyo. Wengi hawatasikia lolote, lakini kwa baadhi vijidudu hupanda hadi kwenye figo au huingia kwenye damu, na hapo mzee aliyekuwa anaanza kukaa kitini hurudishwa kwetu akiwa na homa kali, anatetemeka, hamjui hata mkewe. Tena mpira unaweza kuziba. Unapaswa kubadilishwa na mtu aliyefundishwa kila baada ya wiki nne hadi kumi na mbili, kutegemea aina yake, na wapo wanaoishi mbali na kituo ambao hukaa nao nusu mwaka. Na mzee aliyechanganyikiwa akiuvuta usiku na kiputo kikiwa bado kimejaa, njia ya mkojo hupasuka. Nimesafisha damu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Ndiyo maana tunasema kuwa kulowesha kitanda, peke yake, si sababu ya kumwekea mtu mpira wa ndani.

MPIRA WA NJE KWA WANAUME

Ni mfuko mwembamba na laini unaovikwa juu ya uume kama soksi. Kwa mbele una tundu lililounganishwa na mrija, na mrija huo unapeleka mkojo kwenye mfuko uliofungwa mguuni au kuning'inizwa kando ya kitanda. Hakuna kinachoingia mwilini. Kwa ndani wengi wao una gundi inayoshika kwenye ngozi.

Najua umbo lake linawashtua wengine, na jina lake hospitalini linawashtua zaidi, kwa sababu tunauita kondomu ya mkojo. Mama mmoja, kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nilimpa kwa ajili ya mumewe. Kesho yake alikirudisha kile kifaa kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, akaniambia nyumbani kwake kitu hicho hakiingii. Nilimkalisha chini nikamwonyesha tundu la mbele. "Mama," nikamwambia, "hiki kimetobolewa makusudi." Tukacheka wote wawili. Kifaa hiki hakina kazi yoyote katika mambo ya uzazi. Ni chombo cha uuguzi kama bandeji, na mgonjwa asinyimwe kwa sababu ya jina.

Je, kweli ni salama kuliko ule wa ndani? Mwaka 2006 ilitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Marekani kwa wanaume 75 waliolazwa katika hospitali ya askari wastaafu. Kwa kura, baadhi walipewa mpira wa ndani na wengine wa nje. Waliovaa wa nje walipata madhara machache zaidi, ukihesabu pamoja vijidudu kwenye mkojo, ugonjwa wenye dalili, na vifo. Nafuu hiyo ilionekana hasa kwa wale ambao akili zao zilikuwa timamu. Pia walisema wa nje hauna maumivu kama wa ndani. Watu 75 si wengi, lakini matokeo hayo yanalingana na tunayoyaona wodini. Hata hivyo mtu asielewe kwamba wa nje hauleti maambukizi kabisa. Huleta, hasa ukikaa siku nyingi bila kubadilishwa.

KWANZA HAKIKISHA KIBOFU KINATOKA CHOTE

Hapa naomba msomaji asome polepole.

Mpira wa nje unapokea mkojo unaotoka wenyewe. Hauwezi kuuvuta mkojo uliokwama. Sasa, wapo wazee ambao mkojo unawatoka matone matone mchana na usiku, na familia husema, "Baba hawezi kujizuia." Kumbe kibofu kimejaa pomoni! Tezi dume imevimba ikabana njia, mkojo hauwezi kupita vizuri, na yale matone ni ya kufurika tu, kama pipa lililojaa linavyomwagika ukingoni. Mzee kama huyo ukimvika mpira wa nje, mfuko utapata mkojo kidogo, mashuka yatakuwa makavu, nyumba nzima itafurahi, na huku figo zake zinaharibika kimya kimya.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria kifaa chochote, mgonjwa aonwe na mganga au muuguzi. Nyumbani angalia mambo haya: tumbo chini ya kitovu limevimba na ni gumu? Ukilibonyeza taratibu analalamika au mkojo unatoka? Hukaa muda mrefu akijikamua bila mafanikio? Amekosa choo kikubwa kwa siku nyingi? Nalo hili huzuia mkojo, ingawa watu wengi hawalijui. Ukiona mojawapo ya hayo, mpeleke hospitali. Na ikiwa hajapata mkojo kabisa tangu asubuhi na ana maumivu, usisubiri kesho.

Wengine ambao wasivikwe ni wale wenye vidonda, upele au uvimbe kwenye uume, na wale ambao ngozi yao huvimba ikigusa mpira wa kawaida. Hao wa mwisho ipo aina iliyotengenezwa kwa silikoni.

Neno lingine kwa familia za waliopata kiharusi: msikate tamaa mapema. Wengi hurudiwa na uwezo wa kujizuia baada ya majuma au miezi. Mzee akivikwa mpira mchana na usiku bila kuulizwa, anasahau kuomba kopo, nanyi mnasahau kumpa. Ushauri wangu ni huu: mchana apewe kopo la mkojo kila baada ya saa mbili au tatu, hata kama hajaomba, na mpira wa nje uwe wa usiku tu, au wa siku ya safari ndefu ya kwenda kliniki.

KUVIKA, NA KOSA LANGU

Miaka mingi iliyopita nilimruhusu mzee mmoja kwenda nyumbani na kifaa hiki. Ilikuwa Jumamosi, wodi imejaa, gari linalowachukua linapiga honi. Nilimvika mwenyewe, nikampa mwanawe vingine vitatu, nikasema, "Mmeona nilivyofanya." Sikumwacha kijana ajaribu mbele yangu. Sikupima ukubwa, nilimpa vilivyokuwepo, na vilikuwa vipana. Nyumbani cha pili kikawa kinavuka. Kijana, kwa akili ya kawaida tu na kwa kumpenda baba yake, akakifunga kwa mpira wa kufungia noti. Hakikuvuka tena.

Mzee alirudishwa siku ya tatu. Kwa sababu ya kiharusi hakuwa na hisia nzuri upande ule, hakulalamika. Uume ulikuwa umevimba na kuwa mweusi. Daktari alifanya alichoweza, lakini sehemu ya nyama ilikuwa imekwisha kufa ikabidi iondolewe. Kijana yule hakunilaumu. Alijilaumu mwenyewe, na hilo liliniuma zaidi, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Tangu siku ile hakuna ninayemruhusu kuondoka na mpira wa nje bila yeye mwenyewe kumvika mgonjwa mara mbili mbele ya macho yangu. Nawe msomaji ukipewa kifaa hiki mahali popote, usione haya kusema, "Nesi, hebu nijaribu wewe ukiwepo."

Basi, usifunge kamwe kwa uzi, mpira wa noti, kitambaa, wala plasta ya kawaida inayozunguka pande zote. Uume hubadilika ukubwa wenyewe, saa hii mdogo, saa nyingine mkubwa, na kinachozunguka bila kunyumbuka hukata damu. Kama kifaa kinavuka, tatizo ni ukubwa wake, au ngozi ilikuwa na mafuta au maji.

Ukubwa hupimwa hivi. Chukua ukanda mwembamba wa karatasi, uzungushe katikati ya uume bila kukaza, uweke alama, kisha uupime kwa rula. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti kwa kawaida ni upana wa kifaa kwa milimita, nyingi zikiwa kati ya 25 na 40. Ukizungusha ukapata milimita 100, gawanya kwa 3.14, utapata karibu 32. Pakiti nyingine huja na karatasi yake ya kupimia, na hiyo ni rahisi zaidi. Ukijikuta kati ya namba mbili, mwulize muuguzi, usibahatishe.

Osha mikono yako kwa sabuni. Mwoshe mgonjwa kwa maji na sabuni isiyo kali, suuza, kausha vizuri kabisa. Asiyetahiriwa, vuta govi nyuma taratibu uoshe chini yake, kisha lirudishe mbele mahali pake kabla ya kumvika. Hili nalisisitiza. Govi likiachwa nyuma huvimba na kukaba kichwa cha uume, na hiyo nayo ni dharura ya hospitali. Usipake mafuta wala poda, kwa maana gundi haitashika. Nywele zilizo karibu zipunguzwe kwa mkasi; wembe huacha michubuko ambayo mkojo huichoma.

Weka kifaa kikiwa kimekunjwa kwenye ncha, ukiacha nafasi ya kama sentimita moja na nusu hadi mbili kati ya ncha ya uume na mwisho wa kifaa. Bila nafasi hiyo, ngozi ya mbele husuguliwa ikawa kidonda. Ikiwa kubwa mno, kifaa hujipinda na mkojo hurudi nyuma. Kikunjue taratibu kuelekea mwilini, kisha kishike kwa kiganja kama unavyoshika yai, kwa sekunde kumi hadi kumi na tano, ili joto la mkono lisaidie gundi. Unganisha mrija. Hakikisha haujajikunja. Mrija uwe na ulegevu kidogo ili akigeuka usivute.

Baada ya nusu saa mfunue umwangalie. Baada ya hapo mwangalie kila unapomgeuza, yaani kila baada ya saa mbili hivi kwa asiyeweza kujigeuza. Ukiona uvimbe, rangi imebadilika, malengelenge, au akisema panauma, kiondoe mara moja, usingoje zamu ya kubadilisha. Aliyepooza asitegemewe kusema. Macho yako ndiyo hisia zake.

Kila baada ya saa 24 kitolewe. Usikivute kama unavyovuta plasta. Lowesha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikunje taratibu kuelekea mbele. Ngozi ioshwe, ikauke, ipumzike hewani kidogo kabla ya kuvika kingine. Kilichotumika hakioshwi kikarudiwa. Kifungwe kwenye karatasi kitupwe kwenye shimo la taka au kichomwe, mbali na watoto, ambao hawatakosa kukipuliza.

Kuhusu mfuko: ukae chini ya kiuno daima, usiguse sakafu, na umwagwe ukifika nusu, kwa sababu ukijaa huwa mzito na kuvuta kila kitu. Ule wa mguuni ni mdogo, hivyo usiku uunganishwe na mkubwa wa lita mbili. Osha mikono kabla na baada ya kuumwaga. Mfuko ubadilishwe baada ya siku tano hadi saba, au mapema ukichafuka.

Na maji ya kunywa msimpunguzie. Kuna familia zinazomnyima mzee maji ili asikojoe. Mkojo mchache huwa mkali, unachoma ngozi na kulea vijidudu. Apate lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, uji na chai vikihesabiwa, isipokuwa kama daktari alimwekea kipimo kwa sababu ya moyo au figo.

NANI AMVIKE?

Turudi kwa yule mzee na mkwewe. Mtu asidhani kwamba kifaa hiki kinaondoa aibu yote, maana lazima kuwe na wa kukivika. Lakini angalia: kinavikwa mara moja kwa siku, usiku mwana akiwa nyumbani, au alfajiri kabla hajaenda shambani. Kutwa nzima mkwe hana haja ya kumfunua baba mkwe. Kazi yake ni kumwaga mfuko, na mfuko uko chini kando ya kitanda. Shuka halijaguswa. Ile nusu saa ya kwanza ni ya mwana mwenyewe, ndipo aondoke. Ukaguzi wa mchana nao umpate mwanamume.

Kwa yule mzee suluhisho lilikuwa mjukuu wake, kijana wa sekondari. Babu na mjukuu ni watani, na palipo na utani aibu hupungua. Kijana alikuja wodini siku mbili kujifunza. Babu yake akamwita daktari wa kwanza wa ukoo, naye akamwita babu mume mwenzake, na kazi ikafanyika huku wakitaniana. Mahali pasipo na mwana wala mjukuu, ulizeni mhudumu wa afya wa kijiji aliye mwanamume, au jirani wa rika la mzee. Mwulizeni mzee mwenyewe anamtaka nani. Kupooza mguu hakukumwondolea haki ya kuchagua.

Vifaa hivi hupatikana katika maduka makubwa ya dawa mijini. Hospitali ikiwa haina, mwombe muuguzi akuandikie jina na ukubwa kwenye karatasi, maana muuzaji asiyevizoea anaweza kukupa kitu kingine kabisa.

KWA WANAWAKE

Hapa habari ni ngumu zaidi, nami sitaipamba. Umbile la mwanamke halina pa kushikiza kifaa. Zimetengenezwa aina mbalimbali za mifuko ya kubandika kwa gundi kuzunguka midomo ya uke, lakini huvuja, na gundi huchubua ngozi laini ya pale.

Katika miaka ya 2010 hospitali za Marekani zilianza kutumia kifaa cha namna nyingine, na sasa kinatumika hata majumbani huko. Ni kama utambi mnene na laini, umepinda kama ndizi ndogo. Huwekwa kati ya midomo ya uke na makalio, hauingizwi ndani. Upande wa pili umeunganishwa kwa mrija na mashine ya kunyonya kwa nguvu ndogo. Mkojo ukitoka, utambi unaupokea, mashine inauvuta hadi kwenye chupa, na ngozi hubaki kavu. Utambi hubadilishwa kila baada ya saa nane hadi kumi na mbili, au mara tu ukichafuka kwa choo au damu. Haufai kwa mwanamke anayeharisha au anayejigeuzageuza sana kitandani, na wala si wa kutembea nao. Nao usipoangaliwa husababisha vidonda vya kugandamiza.

Naueleza kwa sababu nimeulizwa na binti aliyetaka kaka yake aliyeko Marekani amtumie mama yao mashine hiyo. Si wazo baya. Lakini angalia mambo mawili kwanza. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na wetu ni 230; mashine isiyotengenezwa kwa yote mawili itaungua siku ya kwanza. La pili, tambi ni za kutupwa. Kila mwezi zitahitajika kama sitini au zaidi. Mashine ya bure bila tambi ni pambo la kabati.

Kwa akina mama wengi wa parokia zetu, basi, msaada bado ni ule wa mikono. Mpeni beseni la kitandani kila baada ya saa mbili au tatu, na kila mara anapoamka na kabla ya kulala. Mfano wa kopo la mkojo wenye mdomo mpana uliotengenezwa kwa wanawake upo madukani, na humsaidia anayeweza kukaa ukingoni mwa kitanda. Tandikeni shuka la mpira, juu yake kitambaa cha pamba kilichokunjwa, na mpira usiguse ngozi yake. Pampasi za watu wazima zinafaa, ila zibadilishwe zikilowa. Kumfungia mtu moja kutwa nzima ili kuokoa pesa ni kumnunulia kidonda. Khanga kuukuu zilizochanwa na kukunjwa, zikafuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani, ni bora kuliko pampasi iliyolowa. Kila akibadilishwa aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma, akaushwe, kisha apakwe mafuta mazito kidogo ya kukinga ngozi, kama Vaseline. Kwa mwanamke mafuta hayo hayana kizuizi, kwani hakuna gundi.

Lakini kabla ya khanga na pampasi, mwulizeni mama huyo swali moja: mkojo ulianza lini kumtoka? Akisema, "Tangu nilipojifungua yule mtoto aliyefariki," na ukimtoka mchana na usiku bila kukatika, hapo si suala la kifaa. Huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke lililotokana na uchungu wa muda mrefu. Fistula hupasuliwa ikapona kwa wengi. Nimekutana na mwanamke aliyeishi nayo miaka kumi na tisa, amehama kwao, anakaa kiti cha mwisho kanisani karibu na mlango ili watu wasimsikie harufu, na hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ina tiba. CCBRT ya Dar es Salaam imewafanyia wanawake wa namna hii upasuaji bila malipo kwa miaka mingi, na Bugando, Mwanza, nayo ni mahali panapojulikana kwa matibabu hayo. Anayemjua mama mwenye hali hii amsindikize kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aeleze ilivyoanza, na aombe barua ya rufaa.